Watani wa Jadi Kwenye Barafu: Kuuelewa Upinzani na Shangwe za Ushindi Katika Hoki ya Wanawake wa Vyuo Vikuu Marekani

Machi 23, 2025, katika uwanja wa Ridder mjini Minneapolis, fainali ya hoki ya barafuni ya wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani ilikuwa imebakiza sekunde 18.9, na Ohio State walikuwa wakiongoza kwa mabao 3–2 dhidi ya Wisconsin. Waamuzi walikwenda kutazama picha za marudio, wakarudi, wakatoa penalti. Kirsten Simms wa Wisconsin aliifunga, na katika dakika ya tatu ya muda wa nyongeza mchezaji huyohuyo akafunga tena, Wisconsin wakatwaa ubingwa kwa 4–3. Vipande vya video vya dakika hizo bado vinazunguka mitandaoni, na anayevitazama bila kuujua mchezo hubaki na maswali mengi. Penalti ilitoka wapi wakati mechi ilikuwa imeshafika ukingoni? Kwa nini washindi walirusha glavu na kofia zao hewani, kisha wakamrundikia kipa wao? Kwa nini muda mfupi baadaye walipanga mstari na kushikana mikono na watu ambao wametoka kuwaliza? Na ilikuwaje timu hizohizo mbili zikakutana katika fainali kwa mwaka wa tatu mfululizo?

Maswali hayo yana majibu yanayotegemeana, na yote yanarudi kwenye jambo ambalo watazamaji wengi hulichukulia kirahisi, yaani namna upinzani wa michezo unavyojengwa na sababu za furaha ya kumfunga timu unayoifahamu kuwa kubwa kuliko ile ya kumfunga mgeni.

Ni hoki ipi, na chuo kikuu kinaingiaje?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hoki au mpira wa magongo ni mchezo wa uwanja wa nyasi, wenye wachezaji kumi na mmoja kila upande na kijipira kigumu kinachobiringishwa kwa gongo. Hoki ya barafuni ni mchezo mwingine. Kila timu huingiza wachezaji sita, kipa akiwa mmoja wao, wote wamevaa viatu vyenye bapa la chuma chini, na badala ya mpira wanawania kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na kwa kuwa saa husimamishwa kila mchezo unaposimama, dakika hizo 60 huchukua zaidi ya saa mbili za kawaida. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu: timu ya Ice Lions ya Kenya imekuwa ikifanya mazoezi kwenye uwanja mdogo wa barafu ndani ya Hoteli ya Panari jijini Nairobi, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Neno la pili linalohitaji ufafanuzi ni chuo kikuu. Katika nchi zetu michezo ya vyuo ni shughuli ya pembeni, nayo huchezwa mbele ya wanafunzi wachache na jamaa zao. Marekani mambo ni tofauti. Chuo kinaweza kuwa na uwanja wake wa maelfu ya viti, makocha wa kulipwa, ufadhili wa masomo kwa wachezaji, na mashabiki wa mji mzima ambao hawajawahi kusoma pale. Mashindano ya kitaifa husimamiwa na chama kinachojulikana kwa herufi NCAA. Wanawake waliingia katika mfumo huu kwa kuchelewa na kwa jasho. Timu ya kwanza ya wanawake ya hoki ya barafuni katika vyuo vya nchi hiyo iliundwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Brown. Sheria ya shirikisho iitwayo Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, ilipitishwa mwaka 1972. Lakini ubingwa rasmi wa NCAA kwa wanawake ulianza kugombewa mwaka 2001, Minnesota Duluth wakawa mabingwa wa kwanza. Kwa hiyo upinzani ninaouzungumzia hapa ni mchanga kuliko watu wengi wanavyodhani, na ukali wake haukutokana na umri.

Tatu ni ligi. Vyuo vimegawanyika katika ligi za kanda, na iliyo na nguvu kuliko zote kwa upande wa wanawake ni WCHA, yenye timu nane za majimbo ya kati na kaskazini: Wisconsin, Minnesota, Ohio State, Minnesota Duluth, St. Cloud State, Minnesota State, Bemidji State na St. Thomas. Baada ya ligi, timu zilizofanya vizuri kitaifa, ambazo tangu mwaka 2022 ni 11, huingia katika mtoano wa NCAA, na nne za mwisho hukutana mahali pamoja kumaliza kazi. Hatua hiyo ya nne bora huitwa Frozen Four.

Upinzani unavyojengwa

Dhana iliyozoeleka ni kwamba upinzani huzaliwa na chuki, au na tukio moja baya ambalo halikusahaulika. Ukiutazama kwa makini upinzani wa Wisconsin na Minnesota, utaona umejengwa kwa vitu vya kawaida zaidi, na cha kwanza ni kukutana mara kwa mara. Katika ligi ya timu nane, kila timu hucheza na kila mwenzake mara nne kwa msimu, na kwa kawaida mechi hizo hupangwa mbilimbili, Ijumaa usiku na Jumamosi mchana au jioni, kwenye uwanja uleule. Aliyefungwa Ijumaa analala katika mji wa aliyemfunga, anaamka, anakula, na baada ya saa chache anasimama tena mbele ya mchezaji yuleyule aliyempokonya kisahani jana. Zikikutana tena katika mtoano wa ligi na kisha katika Frozen Four, timu hizo zinaweza kufikisha mechi sita kati ya Oktoba na Machi. Kwa kasi hiyo hakuna siri inayobaki: beki anajua mshambuliaji fulani hupenda kuzungukia upande gani, na kipa anajua nani hupiga mapema na nani hungoja.

Cha pili ni thamani ya kinachogombewa. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2025 ubingwa wa taifa umetolewa mara 24, kwa kuwa mwaka 2020 mashindano yalifutwa kutokana na janga la korona. Vyuo vilivyoutwaa ni vitano tu: Wisconsin mara nane, Minnesota mara sita, Minnesota Duluth mara tano, Clarkson mara tatu na Ohio State mara mbili. Ukimwondoa Clarkson, wote waliobaki wanatoka katika ligi moja, WCHA, ambayo imechukua mataji 21 kati ya 24. Maana yake ni kwamba kwa timu ya kanda ile, njia ya ubingwa wa taifa karibu kila mara hupita mlangoni kwa jirani. Huwezi kumkwepa, na mara nyingi yeye ndiye aliyeshika kombe unalolitaka.

Cha tatu ni jiografia. Madison, mji wa Wisconsin, na Minneapolis, mji wa Minnesota, viko katika majimbo mawili yanayopakana, umbali wa takriban kilomita 430 kwa barabara. Familia zimegawanyika pande zote mbili, wasichana wanaochezea vyuo hivyo walikutana wangali watoto katika mashindano ya shule na vilabu, na wazazi wao hukaa jukwaa moja.

Kwa Mtanzania mfano wa karibu ni Simba na Yanga, na ulinganifu huo unasaidia kuliko maelezo marefu. Mashabiki wa timu hizo hutupiana maneno makali wiki nzima, lakini wanafanya kazi ofisi moja, wameoana, na msiba ukitokea wanabebeana jeneza. Utani wa namna hiyo hauwezi kuwepo kati ya watu wasiojuana. Unahitaji ukaribu, na ndiyo maana Wisconsin kumfunga chuo cha mbali kwa mabao sita kunaweza kupita kimyakimya, ilhali ushindi wa bao moja dhidi ya Minnesota hukumbukwa miaka.

Historia ya mechi zao kubwa inaonyesha jambo hilo. Taji la kwanza la Wisconsin lilipatikana mwaka 2006 kwa kuifunga Minnesota 3–0 katika fainali, tena fainali hiyo ilichezwa Minneapolis, nyumbani kwa waliofungwa. Minnesota wakalipa kisasi mwaka 2012 kwa ushindi wa 4–2 katika fainali nyingine. Mwaka 2019 Wisconsin wakashinda 2–0. Mwaka 2023 walikutana katika nusu fainali, Wisconsin wakashinda 3–2 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2025 Frozen Four iliandaliwa katika uwanja wa Ridder, ambao ni wa Minnesota wenyewe na ulijengwa mahsusi kwa ajili ya hoki ya wanawake, lakini wenyeji walitolewa na Wisconsin 6–2 katika nusu fainali, kisha wakabaki kushuhudia jirani akinyanyua kombe kwenye barafu yao. Shabiki wa Minnesota anapoikumbuka siku ile, kinachomuuma hasa ni mahali ilipotokea.

Upinzani wa Wisconsin na Ohio State ni wa aina nyingine, kwa sababu umekua harakaharaka. Ohio State walikuwa hawajawahi kutwaa taji hadi mwaka 2022. Mwaka uliofuata walikutana na Wisconsin katika fainali, wakafungwa 1–0, na bao hilo moja lilifungwa na Kirsten Simms akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwaka 2024 walikutana tena katika fainali, matokeo yakawa yaleyale upande wa pili: Ohio State 1, Wisconsin 0, mfungaji Joy Dunne, naye pia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Yaani kwa fainali mbili, dakika 120, timu hizo zilitenganishwa na bao mojamoja. Bila kuyajua hayo huwezi kuelewa kwa nini benchi la Wisconsin lililipuka namna ile mwaka 2025.

Sekunde 18.9

Baadhi ya watu husema Wisconsin walipewa taji na waamuzi. Dai hilo linastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu linatokana na kutozijua kanuni.

Katika hoki ya barafuni, kosa la kawaida huadhibiwa kwa mchezaji kutolewa nje kwa dakika mbili huku timu yake ikibaki pungufu. Penalti ya ana kwa ana hutolewa kwa makosa machache mazito, hasa yale yanayomnyima mshambuliaji nafasi ya wazi ya kufunga. Mojawapo ni mchezaji wa ulinzi, asiye kipa, kukifunika kisahani kwa mkono ndani ya eneo dogo lililochorwa mbele ya goli. Mantiki yake ni nyepesi: kipa pekee ndiye mwenye ruhusa ya kukifunika kisahani kwa mkono hapo, na mwingine akifanya hivyo amezuia bao kwa njia isiyo halali.

Katika sekunde zile za mwisho, kisahani kilikuwa kikigombewa mbele ya goli la Ohio State katikati ya msongamano wa miguu na magongo. Kwa jicho la kawaida hakuna aliyeweza kuwa na hakika ya kilichotokea. Kocha wa Wisconsin, Mark Johnson, alitumia haki yake ya kuomba tukio lipitiwe upya, na picha za marudio zikaonyesha kwamba mkono ulikuwa umekifunika kisahani katika eneo lile. Kwa mujibu wa kanuni, baada ya hapo waamuzi hawakuwa na uamuzi mwingine wa kutoa.

Penalti hupigwa hivi: kisahani huwekwa katikati ya uwanja, mchezaji mmoja hukichukua na kuteleza nacho kuelekea kwa kipa, wengine wote wakiwa pembeni, na saa haitembei. Ana jaribio moja tu. Kipa akiokoa, hakuna kurudia. Simms alifunga, na matokeo yakawa 3–3. Hapo bado hakuna aliyekuwa bingwa. Katika mtoano wa NCAA muda wa nyongeza huchezwa kwa timu kamili, na bao la kwanza humaliza kila kitu, kwa hiyo Ohio State walikuwa na nafasi sawa na wenzao ya kufunga bao hilo. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi, na maumivu ya Ohio State ni halali vilevile. Mambo hayo mawili hayapingani, na ni makosa kulazimisha moja lifute jingine.

Wisconsin walimaliza msimu huo wakiwa wameshinda mechi 38, wamefungwa moja na kutoka sare mbili. Sare hizo huwachanganya wengi, kwa sababu mechi za ligi hufikia hatua ya kupigiana penalti na mshindi hupatikana. Ukweli ni kwamba katika msimu wa kawaida, dakika 60 zikiisha kwa sare, timu hucheza dakika tano za nyongeza zikiwa na wachezaji watatu watatu mbali na makipa. Wasipofungana, penalti huamua nani apate pointi ya ziada ya ligi, lakini kwenye kumbukumbu za taifa mechi hiyo huandikwa sare.

Shangwe zinasema nini

Tukirudi kwenye rundo la wachezaji lililomfunika kipa, watu wengi hujiuliza kwa nini shangwe haziendi kwa mfungaji. Jibu liko katika mgawanyo wa kazi. Mchezaji wa kawaida wa hoki ya barafuni hukaa uwanjani chini ya dakika moja, anakimbia kwa nguvu zote, kisha anaruka ukuta na kukaa benchi wakati mwingine akiingia. Kipa hapumziki. Anasimama dakika zote 60 na za nyongeza, na kosa lake moja huonekana kwenye ubao wa matokeo, wakati kosa la mshambuliaji husahaulika baada ya sekunde tano. Katika fainali ya 2023 Cami Kronish wa Wisconsin hakuruhusu bao hata moja, na mwaka 2024 Raegan Kirk wa Ohio State akafanya vivyo hivyo. Timu inapomkimbilia kipa, inamlipa deni inalolijua.

Kofia na glavu nazo zina sababu. Katika hoki ya vyuo kila mchezaji hulazimika kuvaa kofia ngumu yenye wavu unaofunika uso wote, na kwa saa mbili na zaidi mashabiki huwatambua kwa namba zao za mgongoni. Kipenga cha mwisho kinapolia na kofia zikaruka, ndipo nyuso huonekana, nywele zimelowa jasho, alama za mkanda zimekaa kidevuni. Kisha barafu hubaki imetapakaa magongo na glavu, na kwa dakika kadhaa hakuna anayejali cha nani ni kipi.

Je, kushangilia mbele ya aliyeshindwa ni kumdharau? Ni hofu inayoeleweka, hasa kwetu tuliolelewa kuwa na staha mbele ya mwenye huzuni. Lakini desturi za mchezo huu zimeweka mpaka ulio wazi. Bao likifungwa katika mechi ya kawaida, wafungaji hukumbatiana kwenye kona, kisha huteleza kupita mbele ya benchi lao wakigonganisha glavu na wenzao, na mchezo unaendelea. Furaha yao imeelekezwa kwa watu wao. Mchezaji akiigeuza, akaenda kushangilia mbele ya benchi la wapinzani au kumkejeli kipa aliyefungwa, mwamuzi anaweza kumwadhibu kwa utovu wa nidhamu, na kocha wake mara nyingi humkaripia kabla ya mwamuzi. Baada ya mechi ya mwisho, timu zote mbili hupanga mistari miwili na kupeana mikono, mmoja baada ya mwingine, bila kumruka mtu. Anayeitazama mistari hiyo kwa makini ataona wengine wanasimama na kukumbatiana, kwa sababu walikuwa timu moja katika kikosi cha taifa cha vijana, au watakuwa pamoja miezi michache baadaye.

Mashabiki wana uhuru mkubwa zaidi, na hapo ndipo utani huwa mkali. Bendi ya chuo hupiga tarumbeta na ngoma kila bao linapoingia, wanafunzi huhesabu mabao kwa sauti, na katika viwanja kadhaa jukwaa zima humnyooshea kidole kipa aliyefungwa na kumwita chujio. Kipa mzoefu hajali, na tena hulichukulia kuwa ishara kwamba anajulikana.

Upande wa machozi una maelezo yasiyozungumzwa vya kutosha. Mchezaji wa chuo kwa kawaida ana misimu minne tu ya kushindana. Kwa wanaohitimu, mechi ya mwisho ni mwisho wa maisha waliyoyaishi tangu utotoni, kwani nafasi za kuendelea na mchezo kwa malipo ni chache mno. Ligi ya kulipwa ya PWHL ilianza Januari 2024 ikiwa na timu sita. Ndiyo maana katika shangwe za hoki ya wanawake utamwona mshindi akilia kwa uchungu uleule wa aliyeshindwa. Anafurahia kombe huku akiagana na wenzake.

Mambo yanayoaminiwa bila msingi

Lipo dai kwamba upinzani wa wanawake ni wa upole na hauvuti watu. Ni kweli kwamba katika hoki ya wanawake kumkumba mwenzako kwa mwili ili kumwangusha ni kosa, lakini kugusana, kusukumana bega kwa bega na kubanana ukutani wakati wa kuwania kisahani ni sehemu ya kila dakika. Kuhusu watu, chukua mfano wa Boston, ambako vyuo vinne vya eneo la jiji hilo, Harvard, Boston College, Boston University na Northeastern, hugombea kombe la mwaka liitwalo Beanpot. Wanaume walilianza mwaka 1952 na wanawake mwaka 1979. Kwa miaka yote hiyo wanaume walizoea kucheza fainali katika uwanja mkubwa wa jiji, na wanawake walibaki kwenye viwanja vya vyuo. Januari 2024 fainali ya wanawake ilichezwa kwa mara ya kwanza TD Garden, wakaja watu 10,633, na Northeastern wakaifunga Boston University 2–1 katika muda wa nyongeza. Vyuo hivyo viwili viko karibu kiasi kwamba mwanafunzi hutoka kimoja kwenda kingine kwa miguu. Wisconsin nao, ambao uwanja wao wa kawaida huchukua watu wapatao 2,300, waliwahi kuhamishia mechi katika uwanja mkubwa wa Kohl Center mnamo Januari 2017, wakajaza watu 15,359. Tatizo halikuwa kukosekana kwa watazamaji; viwanja vikubwa vilikuwa havifunguliwi.

Lipo pia dai kwamba wachezaji wa timu pinzani huchukiana. Njia za watu hawa zinalikanusha. Nadine Muzerall, kocha aliyeipa Ohio State mataji yote mawili, aliichezea Minnesota na kuwa kocha msaidizi hapohapo kabla ya kuondoka mwaka 2016 kwenda kuijenga timu ambayo sasa inamnyima usingizi mwajiri wake wa zamani. Daryl Watts alianzia Boston College, akahamia Wisconsin, na mwaka 2021 akafunga bao la muda wa nyongeza lililowapa Wisconsin ubingwa dhidi ya Northeastern, mtani wa chuo chake cha kwanza. Katika fainali ya Olimpiki ya Beijing 2022, Kanada waliwafunga Wamarekani 3–2. Kipa wa Kanada alikuwa Ann-Renée Desbiens, aliyefungwa bao na Hilary Knight wa Marekani, na wote wawili ni zao la Wisconsin. Mtu hawezi kumchukia kwa dhati mpinzani ambaye kesho anaweza kuwa mwenzake wa chumba, kocha wake au bosi wake.

Dai la mwisho ni zito zaidi, nalo ni kwamba upinzani ukishakomaa hujiendesha wenyewe. Minnesota walishinda mechi 62 mfululizo kati ya Februari 2012 na Novemba 2013, ukiwamo msimu mzima wa mechi 41 bila kufungwa wala kutoka sare. Walioukatisha mfululizo huo walikuwa North Dakota, majirani wa upande wa magharibi, ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wapinzani wa kweli wa Minnesota. Miongoni mwa sababu za upinzani huo walikuwa pacha Jocelyne na Monique Lamoureux, walioanza masomo Minnesota kisha wakahamia North Dakota, chuo cha mji wao wa nyumbani. Machi 2017 uongozi wa North Dakota ulitangaza kuifuta timu ya hoki ya wanawake kwa sababu za bajeti, na ya wanaume ikabaki. Mechi za Ijumaa na Jumamosi zilizokuwa zikijaza ratiba ya pande zote mbili zilitoweka, na wachezaji waliokuwa bado wanasoma wakalazimika kutafuta vyuo vingine, baadhi katika timu walizokuwa wakizipinga mwezi mmoja kabla.

Februari 2018, mjini Pyeongchang, Marekani waliifunga Kanada katika fainali ya Olimpiki kwa penalti. Bao la kusawazisha katika kipindi cha tatu lilifungwa na Monique, na penalti iliyoleta dhahabu ikafungwa na Jocelyne. Wakati huo chuo kilichowakuza kilikuwa kimekaa karibu mwaka mzima bila timu ya wanawake, na hadi leo hakijairudisha.